Baba Amerudi Darasani: Majibu kwa Barua Zenu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa akina baba, na karibu zote zimeandikwa usiku. Mmoja anasema anaandika watoto wakiwa wamelala. Mwingine ameomba radhi kwa makosa ya tahajia kwa sababu anaandika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amembeba mtoto mwenye homa. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Mimi nilirudi shule nikiwa na miaka 38 na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili na mdogo hajaanza kutembea. Nilisomea uhasibu kwa muda wa ziada, nikatumia miaka 5 kwa kozi ambayo vijana waliimaliza kwa 3. Ninayoyajibu hapa, mengi nimeyapitia mwenyewe.

Saa za kusoma nizitoe wapi?

*Salaam ndugu mwandishi. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 9. Niliacha chuo nikiwa nimemaliza mwaka wa kwanza, baba yangu alipofariki, nikaingia kazini. Sasa nataka kurudi nisome huku nikifanya kazi. Mke wangu hakukataa, ila aliniuliza neno moja: "Hizo saa za kusoma utazitoa wapi, kama si kwangu?" Nimekaa wiki nzima sina jibu. Nishauri. Baba wa Watatu.*

Baba wa Watatu, mkeo hajakukatisha tamaa. Amekuuliza swali la hesabu, nawe umekosa jibu kwa sababu hesabu yenyewe hujaipiga. Tuipige.

Vyuo vingi hupima masomo kwa krediti, na ndani ya kila krediti kuna saa. Uingereza na Afrika Kusini, krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za jasho la mwanafunzi: kusikiliza mihadhara, kusoma, kuandika asaimenti, kujiandaa na mtihani, vyote vimo humo. Mwaka kamili wa masomo Uingereza ni krediti 120, yaani saa 1,200. Nchi za Ulaya zinazotumia mfumo wa ECTS huweka krediti 60 kwa mwaka, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Kwa hiyo ukiona kwenye kijitabu cha chuo somo lina krediti fulani, ulizia kwanza krediti moja ni saa ngapi kwao, kisha zidisha. Open University ya Uingereza, iliyoanza kupokea wanafunzi wake wa masafa, yaani wanaosomea mbali na chuo, mwaka 1971, huwaeleza wazi kwamba anayechukua krediti 60 kwa mwaka atenge saa 16 hadi 18 kila wiki. Huo ni nusu ya mwendo wa mwanafunzi wa muda wote, na bado ni zaidi ya saa mbili kila siku, Jumapili ikiwemo.

Ukishaijua namba yako, chukua karatasi, chora siku 7 za wiki, mkae wewe na mkeo muijaze pamoja. Nasisitiza pamoja, kwa sababu hapo ndipo nilipoteleza. Ratiba yangu ya kwanza niliijaza peke yangu. Niliandika kazi, safari na usingizi, nikaona jioni zimejaa nafasi nyeupe, nikafurahi, nikambandikia mke wangu ukutani. Aliitazama kidogo. Akachukua kalamu nyekundu ya mtoto, akaanza kuandika ndani ya zile nafasi nyeupe: kuogesha, dawa ya kikohozi, kukagua madaftari, kufua, kushona kifungo cha sare, kuamka mdogo akilia. Hakusema kitu. Alipoirudisha kalamu mezani, nafasi nyeupe zilikuwa zimebaki 4 wiki nzima. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani jioni zetu hazina kazi, kumbe kuna mtu alikuwa akiibeba yote.

Tulianza upya siku ile ile. Nilikuwa nimepanga kuchukua masomo manne muhula wa kwanza, nikabaki na mawili. Kuogesha na madaftari yakawa yangu. Yeye akaniachia Jumamosi asubuhi nzima, mlango umefungwa, mtu asiniite. Nami nikamwachia Jumapili alasiri nzima, bila mtoto hata mmoja, aende atakako. Hiyo Jumapili ndiyo akina baba wengi husahau. Muda anaokupa mwenzio ni deni, na anastahili kulipwa muda, wiki hii hii, asisubirishwe hadi mahafali. Kuna wakati nilikuwa na mtihani Jumatatu, nikaomba ile alasiri yake niitumie mimi. Alinipa. Wiki iliyofuata nikamrudishia Jumamosi na Jumapili zote mbili, na ndiyo sababu alinipa tena mwaka uliofuata.

Kwa chuo chenyewe, kabla hujalipa hata senti, ingia ofisi ya udahili na maswali yako kwenye karatasi. Uliza miaka ya juu kabisa unayoruhusiwa kutumia kumaliza. Uliza kama unaweza kupunguza somo katikati ya muhula mambo yakizidi, na mwisho wa kufanya hivyo bila kupoteza ada ni tarehe gani. Uliza ukiahirisha mwaka, mtoto akiugua au kazi ikikubana, nafasi yako inakaa au inafutwa. Karani akikujibu kwa mdomo, msikilize, kisha mwombe kwa heshima akuandikie au akuonyeshe kanuni ilipoandikwa.

Na ule mwaka wa kwanza ulioumaliza usiuone kuwa umekufa. Andikia chuo chako cha zamani uombe nakala rasmi ya matokeo pamoja na maelezo ya kila somo ulilosoma. Vyuo vingi hukubali kuhamisha krediti, ingawa vingine huweka ukomo wa miaka. Nitaligusa hilo tena kwa Fundi, hapo chini.

Nasoma nasahau

*Nina miaka 47. Nikisoma ukurasa, nikifika chini nimeshasahau cha juu. Je, ubongo wangu umechakaa? Nimeanza kozi ya ugavi na nina hofu nimechelewa. Baba Mkubwa.*

Hujachakaa, Baba Mkubwa. Acha nikupe habari ya madereva.

London, anayetaka leseni ya kuendesha zile teksi nyeusi lazima aihifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000, na njia za kuiunganisha. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua miaka 3 hadi 4. Watafiti wawili, Katherine Woollett na Eleanor Maguire, waliwafuatilia wanafunzi 79 wa udereva huo, wakawapiga picha za ubongo mwanzoni kabisa, wakarudia miaka kadhaa baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Waliofaulu walikuwa 39, na kwa hao, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa nyuma. Kwa wasiofaulu, na kwa watu ambao hawakuwa wakijifunza mitaa, hakukuonekana ongezeko hilo. Wale walikuwa watu wazima, si watoto wa shule.

Nadhani shida yako iko kwenye namna ya kusoma. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walifanya jaribio rahisi sana. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi. Kundi moja wakakisoma tena, kundi la pili wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana kurudia ukurasa kunadanganya. Usiku ule ule unajiona umeiva, na wiki ikipita hakuna kitu.

Hilo lilinikuta kwenye takwimu. Kitabu nilikisoma mara tatu, nikakipaka rangi ya njano karibu kila mstari. Mtihani ukaja, nikapata 41. Nilipoifungua karatasi ya majibu nilijua kila neno lililoandikwa pale, ila nilikuwa sijawahi kulikokotoa hata swali moja nikiwa nimefunga kitabu. Nilipojiandaa na sapu, yaani mtihani wa marudio, niliweka kitabu chumba kingine kabisa. Nikachukua mitihani ya miaka iliyopita, nikawa nafanya swali moja kila usiku, hata kama macho yanafumba, na asubuhi kabla ya kutoka nyumbani nasahihisha.

Kwa hiyo fanya hivi: soma kurasa mbili tu, funga, andika kwa maneno yako ulichobaki nacho, kisha fungua uone ulichoacha. Kesho yake, kabla ya kusoma kipya, jiulize cha jana. Itakuuma, na utajiona mjinga kwa siku za mwanzo. Endelea tu. Na kama umetoka kazini umechoka kiasi cha kusinzia juu ya meza, lala, uamke mapema. Kumbukumbu inahitaji usingizi.

Ujuzi ninao, cheti sina

*Ndugu mwandishi, nimekuwa fundi umeme miaka 16. Nimefunga majengo makubwa, nimefundisha vijana ambao leo wana vyeti na wananisimamia mimi. Nimekwenda chuo, wakaniambia nianze mwaka wa kwanza sawa na kijana aliyemaliza shule juzi. Nina watoto wanne, sina miaka ya kuchezea. Hii ni haki? Fundi.*

Barua yako imenigusa, Fundi. Kabla hujakubali mwaka wa kwanza, rudi pale chuoni ukaulize jambo moja kwa jina lake: je, mna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa? Kwingine huitwa urasimishaji wa ujuzi, kwingine utambuzi wa mafunzo ya awali. Mara nyingi karani wa mapokezi halijui, kwa hiyo usiishie kwake. Omba kumwona mkuu wa idara ya fani yako.

Jambo hili lina mizizi. Ufaransa ina sheria tangu mwaka 2002 inayompa mfanyakazi haki ya kuomba cheti au hata shahada kwa uzoefu wake: anaandaa jalada la kazi alizofanya, anakaa mbele ya jopo, anahojiwa, na jopo linaweza kumpa shahada yote au sehemu yake. Afrika Kusini nako utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali umo ndani ya mfumo wa taifa wa sifa za elimu. Kwa ambao hata sekondari hawakumaliza, Marekani wana mtihani wa GED tangu 1942, ulioanzishwa kwa ajili ya wanajeshi ambao vita viliwatoa shuleni. Nchi nyingi zimejenga njia zinazofanana na hizo. Yako inaweza kuwa na jina tofauti, lakini uliza.

Kitakachokubeba ni jalada. Anza leo kukusanya: picha za kazi zako kabla na baada, na tarehe zake, michoro uliyoifuata, mikataba au hata risiti, barua za waliokuajiri zikitaja ulifanya nini hasa, si kwamba wewe ni mtu mwema, cheti cha semina yoyote, hata ya siku moja. Wale vijana uliowafundisha waandike kwamba wewe ndiye uliyewafundisha, na uliwafundisha nini. Kisha chukua mtaala wa mwaka wa kwanza wa chuo hicho, ukae nao mstari kwa mstari, na kando ya kila mada uandike kazi uliyofanya inayoonyesha unaijua. Ukienda mbele ya mkuu wa idara na karatasi hiyo, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa, kwa sababu umemrahisishia kazi yake.

Patakuwa na mapengo, na uyakubali. Mafundi wengi niliowaona wako vizuri mno kwa mikono na wanapungukiwa hesabu za nadharia au kanuni za usalama zilizoandikwa. Kusoma masomo mawili unayoyahitaji ni tofauti kabisa na kurudia miaka mitatu ya mambo unayoyajua.

Naomba pia nikueleze kilichonipata, ili kisikupate. Niliporudi shule nilikuwa na cheti cha uhasibu wa awali kutoka chuo kingine. Masomo mawili ya muhula wa kwanza yalikuwa yale yale, hata vitabu vilikuwa vile vile. Nikayasoma tena, nikalipa tena, nikaacha watoto jioni tena. Mwaka wa pili mwanafunzi mwenzangu akanitajia fomu ya kuhamisha krediti. Nilikwenda mbio ofisini. Karani akanijibu kwa upole kwamba fomu ile hupokelewa mwisho wiki ya pili ya muhula wa kwanza, basi. Hakuna aliyekuwa amenitajia kwamba ipo. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu, nikihesabu jioni ngapi za mwanangu mdogo ziliingia kwenye masomo niliyokwisha kuyafaulu. Tangu hapo, kila anayeniambia anarudi shule, swali langu la kwanza ni: umeuliza fomu ya krediti?

Nimwambie binti yangu?

*Binti yangu anajiandaa na mtihani wa sekondari. Mimi pia najiandaa na mtihani huo huo kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu sikuumaliza. Hajui. Vitabu nimeficha chini ya kitanda, nasoma wakishalala. Naona aibu. Akifaulu yeye nikafeli mimi, nitamtazama vipi? Baba Asiyelala.*

Vitoe chini ya kitanda, ndugu yangu. Leo.

Unamkumbuka Kimani Ng'ang'a Maruge? Januari 2004 aliingia darasa la kwanza kwenye shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret nchini Kenya, akiwa na miaka 84, amevaa kaptula na soksi ndefu kama sare inavyotaka. Mwaka mmoja kabla yake ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa, akaona na yeye mlango umemfungukia. Wajukuu zake walikuwa wakisoma shule hiyo hiyo. Mwaka 2005 alikwenda New York kwenye Umoja wa Mataifa kuitetea elimu ya msingi ya bure. Angejificha, nani angejua habari zake? Na Nelson Mandela, baba na babu, alihitimu shahada yake ya sheria mwaka 1989 kupitia UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa masafa, akiwa bado mfungwa na ameshafikisha miaka 70. Alikuwa ameanza kusomea sheria akiwa kijana.

Lakini pengine hao wako mbali nawe. Basi nikwambie ya nyumbani kwangu.

Ile karatasi ya takwimu niliyopata 41 niliikunja nikaitia ndani ya kitabu. Mwanangu mkubwa, alikuwa na miaka 8, alikuwa na tabia ya kuvuta kiti na kukaa upande wa pili wa meza nikisoma, na yeye ana daftari lake. Siku hiyo akaniuliza, "Baba, umepata ngapi?" Nilitaka kumwambia bado hawajasahihisha. Sijui kilichonizuia. Nikaitoa, nikaikunjua, nikamwekea mbele. Akaisoma namba ile nyekundu, akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa utafanya masahihisho." Darasani kwao, aliyekosa hufanya masahihisho, hakuna zaidi ya hapo. Hakuona kitu cha kuchekesha wala cha kusikitisha. Akanisukumia kifutio chake. Nilifanya masahihisho usiku ule na yeye amekaa pale pale, mpaka akalala kichwa juu ya daftari.

Ninayo bado ile karatasi. Nyuma yake kuna mchoro alioufanya baadaye bila kuniomba ruhusa: watu wawili mezani, mkubwa na mdogo, taa moja katikati, na kila mmoja ana kalamu kubwa kuliko mkono wake.

Kwa hiyo mwambie binti yako, tena mwambie kwa kumwomba msaada. Yeye yuko darasani kila siku, anajua mwalimu anasisitiza nini na mitihani ya sasa imekaaje. Mwambie kuna mada umekwama, akueleweshe. Akikufundisha, yeye mwenyewe ataielewa mara mbili. Akifaulu ukafeli, mpongeze kwa moyo wote, kisha fanya masahihisho mbele yake. Atahitaji kuona jinsi mtu mzima anavyofeli na kuendelea, kwa maana siku moja na yeye atafeli kitu, na huenda wewe usiwe karibu.

Ada hakuna, na hawa wanaonipigia simu

*Ada ni ngumu. Naona matangazo ya shahada kwa wiki 6, wananipigia hadi usiku wakitaka nilipe yote kwa mkupuo nipate punguzo. Niamini? Na kuna chochote cha bure? Baba wa Pacha.*

Usilipe. Shahada ya wiki 6 haipo. Rudi kwenye zile saa za krediti hapo juu, uzihesabu, utaona haziingii. Chuo cha kweli kina ithibati ya mamlaka ya elimu ya nchi kilipo, na mamlaka hiyo hutoa orodha. Tafuta jina la chuo kwenye orodha ya mamlaka, usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tangazo. Kwa vyuo vya nje, Jumuiya ya Kimataifa ya Vyuo Vikuu, IAU, huweka hazina ya taarifa iitwayo WHED kwa kushirikiana na UNESCO, na mtu yeyote anaweza kuipekua kwenye intaneti. Anayekuharakisha ulipe usiku huu hakutakii mema wewe wala hao pacha.

Vya bure vipo na ni vizuri. Kama hesabu zako zimepata kutu, tovuti ya Khan Academy inakurudisha hadi sehemu na desimali, na hakuna anayekuona. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice hutoa vitabu kamili vya kiada vya mwaka wa kwanza tangu 2012, unavipakua bila malipo: takwimu, uhasibu, biolojia, uchumi. MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, walitangaza mwaka 2001 kwamba wataweka nyenzo za masomo yao wazi kwa dunia, na zipo hadi leo. Open University wana OpenLearn, kozi fupi za bure, ambazo mimi ningemshauri kila baba ajaribu moja kabla ya kulipa ada popote. Kozi ya saa 10 ikikushinda kuimaliza ndani ya mwezi, utakuwa umejua mapema kwamba ratiba yako inahitaji kurekebishwa, na hujapoteza fedha. Hizi zote zitakupa maarifa. Cheti cha kuombea kazi bado utakitafuta chuoni, ila utafika ukiwa umeshapasha misuli.

Mtihani Jumamosi, mtoto nimwache wapi?

*Nalea peke yangu mtoto wa miaka 4. Masomo nayaweza, nasoma akilala. Mitihani ndiyo inayonitisha: ni saa 3 nzima, Jumamosi, na shule ya chekechea imefungwa. Chuoni kuna chumba cha wazazi, lakini kibao kinasema "Mama na Mtoto". Niliona haya kugonga. Baba na Mwana.*

Gonga. Nenda Jumatatu, umtaje mtoto wako kwa jina na umri, useme wewe ni mzazi mwanafunzi na unahitaji huduma hiyo. Vyumba vingi vya namna hiyo vilipewa jina na mtu ambaye hakuwaza kwamba baba naye analea. Wakisema kanuni ni ya akina mama tu, andika barua fupi kwa ofisi ya ustawi wa wanafunzi, na uandikishe jina lako kama mzazi hata kama hawana la kukupa sasa. Fedha za malezi nazo huwa hazibagui pale zilipo: Marekani, mpango wa serikali uitwao CCAMPIS, uliowekwa kisheria mwaka 1998, huvipa vyuo fedha za kuwasaidia wazazi wa kipato cha chini kulipia malezi ya watoto wanaposoma, Uingereza kuna ruzuku ya malezi kwa mwanafunzi wa muda wote mwenye watoto. Yote hayo yanasema mzazi. Uliza kwenu kuna nini chenye neno hilo.

Kwa Jumamosi yenyewe, tafuta mzazi mwingine chuoni ambaye hafanyi mtihani siku hiyo. Ratiba ikitoka tu, kaeni mlinganishe: yeye anakaa na wako Jumamosi, wewe unakaa na wake Jumatano. Sisi tulikuwa watatu, na katika miaka ile hatukumkosesha mwenzetu mtihani hata mmoja. Mpeleke mtoto akacheze huko mara mbili tatu kabla, ili siku yenyewe asilie ukiondoka, maana kilio kile utakaa nacho hadi ukurasa wa tatu wa mtihani. Andaa na mtu wa pili wa akiba. Na usome leo kanuni ya kuahirisha mtihani kwa dharura: kwa kawaida chuo hutaka taarifa na barua ya daktari kabla mtihani haujaanza, na ukishakaa kwenye kiti ukaandika jina, ni vigumu kudai baadaye.

Jambo la mwisho, ambalo nilifundishwa na mwenzangu mmoja wa wale watatu. Ndani ya chumba cha mtihani simu yako itakuwa imezimwa. Andika kwenye karatasi namba ya ofisi ya mitihani, namba yako ya usajili na namba ya chumba, uitie kwenye mkoba wa mtoto, na umwonyeshe anayebaki naye ilipo.